Konekta Inapata Moto, Invetaa Inalia: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Betri Mpya

Betri imejaa, jua linawaka, na bado invetaa inalia kila friji linapoanza kuzunguka. Neno la kwanza litakalosemwa ni kwamba betri zimekufa. Mara nyingi betri ni nzima, na kinachokula umeme ni kiungo kidogo kilichopo kati yake na invetaa: konekta, lagi (kichwa cha metali kinachobanwa mwisho wa waya), kishikio cha fyuzi au breka. Mwongozo huu ni wa mifumo ya betri inayopitisha ampea 30 na kuendelea, yaani sola za majumbani na za nyumba za wageni, bajaji na pikipiki za umeme, mashua zenye mota ya umeme, na pampu za visima. Tunakwenda dalili kwa dalili. Kila inapowezekana tunaeleza pia kiwanda kimepunguza nini ili konekta iuzwe rahisi, kwa sababu ukishajua kilichopunguzwa, umeshajua na pa kutazama.

Kwanza usalama. Betri ya volti 24 haikurushi, lakini spana ikigusa ncha zake mbili inayeyuka mkononi. Vua pete na saa. Zima invetaa, kata sola kwa swichi yake, kisha fungua waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya. Paneli zenyewe hazizimiki maadamu kuna mwanga, na mnyororo wa paneli kadhaa unaweza kufika volti mia kadhaa. Huo unarusha, na unaua.

Vifaa: maltimita inayosoma milivolti, klampu mita inayopima mkondo wa DC (soma maandishi kabla ya kununua, nyingi za bei ya chini zinapima AC tu), tupa ndogo, sumaku, na kipimajoto cha mwanga kama kipo. Mzigo wa kupimia ni pasi ya nguo ya wati 1000. Kwenye mfumo wa volti 24 pasi hiyo inavuta karibu ampea 46 kutoka kwenye betri, ukihesabu na kinachopotea ndani ya invetaa.

Hesabu moja ya kuelewa kabla ya yote

Joto la kiungo linatokana na mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukizidishwa kwa ukinzani wa kiungo. Chukua friji na pampu zinazovuta wati 1500 kwa pamoja. Kwa volti 24 hiyo ni karibu ampea 70. Konekta nzuri yenye ukinzani wa miliomu 0.2 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu) itatoa joto la wati 1 hivi, na mkono wako hautahisi kitu. Ukinzani ukiwa miliomu 2, ni wati 10. Ukiwa miliomu 5, ni wati 25, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyowashwa na kufungiwa ndani ya plastiki. Miliomu 5 ni kitu ambacho maltimita ya kawaida ikiwekwa upande wa omu haiwezi kukiona kabisa. Itaandika sufuri, na fundi ataapa kwamba kiungo ni kizima.

Kwa hiyo usipime omu. Pima milivolti huku mzigo ukiwa umewashwa:

1. Washa pasi na usubiri taa yake iwake. Taa ikizima, pasi imejikata na kipimo hakina maana.
2. Soma ampea kwa klampu mita kwenye waya mmoja wa betri.
3. Weka maltimita kwenye milivolti za DC. Ncha moja iguse chuma cha upande mmoja wa konekta kwa nyuma, pale waya unapoingia. Ncha nyingine iguse chuma cha upande wa pili wa waya huohuo. Usipime kati ya chanya na hasi.
4. Gawa milivolti kwa ampea. Jibu ni miliomu.

Milivolti 10 kwa ampea 46 ni miliomu 0.22, na hiyo ni salama. Milivolti 90 kwa ampea 46 ni karibu miliomu 2, yaani wati 4 zinapotea kwenye ncha moja kwa pasi peke yake, kabla pampu haijaingia. Kwa konekta za ampea 50 hadi 175 tunakubali chini ya miliomu 0.5 kwa ncha moja pamoja na kibano chake, yaani pale waya ulipobanwa. Ikipita 1, ifunguliwe siku hiyohiyo.

Dalili: konekta ina moto

Acha mzigo ufanye kazi dakika 20, zima, halafu tafuta pale penye joto zaidi. Ukitumia kipimajoto cha mwanga, bandika kwanza tepu nyeusi juu ya chuma, kwa sababu chuma king'aacho kinaidanganya mashine na kusoma joto dogo kuliko lililopo.

Ikiwa waya wote una moto kuanzia mwanzo hadi mwisho, konekta haina kosa. Waya ni mwembamba, au si shaba. Ikiwa joto limekaa pale waya unapoingia kwenye konekta na linapungua kadiri unavyosogea mbali, kibano ni kibaya. Joto likiwa katikati, pale pande mbili zinapokutana, tatizo ni mguso wenyewe. Ncha moja ikiwa na moto na mwenzake ni baridi, umeshapata mgonjwa. Zote mbili zikiwa na moto sawasawa, konekta imezidiwa.

Hapa ndipo namba iliyoandikwa juu ya konekta inapowapoteza watu. XT60 inajulikana kama konekta ya ampea 60, lakini 60 ni mkondo wa muda mfupi. Wa kudumu ni karibu nusu yake. Hivyo hivyo XT90. Watengenezaji wa kweli hutoa karatasi yenye mchoro unaoonyesha kwa waya wa unene fulani na mkondo fulani, konekta inapanda joto kwa nyuzi ngapi juu ya joto la mahali. Bandia ina namba tu. Na joto la mahali ni jambo zito kwetu Zanzibar: wakati wa kaskazi, chumba kidogo chini ya paa la bati kinapita nyuzi 32 bila taabu. Ongeza nyuzi 30 za konekta, umefika 62, na waya wa kawaida wa PVC umetengenezwa kuvumilia 70. Nafasi iliyobaki ni finyu. Ukiona mkondo wa kudumu ni ampea 50, nunua konekta ambayo mtengenezaji wake anaikubali kwa 80 au zaidi.

Mguso ukiwa ndio tatizo, fungua konekta uangalie mambo matatu.

La kwanza ni metali. Kwaruza ulimi wa ndani, yaani kipande cha metali kinachogusana na mwenzake, kwa tupa mahali pasipotumika. Ukitokea wekundu, ni shaba nyekundu. Ukitokea unjano, ni shaba ya njano, ambayo inapitisha umeme karibu robo tu ya shaba nyekundu. Ukitokea weupe, ni chuma au alumini. Sumaku inakamata chuma peke yake, haitofautishi shaba mbili hizo, basi usiridhike nayo. Shaba nyekundu safi ni ghali kwa uzito, na ulimi mnene unahitaji nyingi. Ndiyo maana konekta halisi ukiiweka mkononi pamoja na bandia ya umbo lilelile, unasikia tofauti ya uzito.

La pili ni mpako. Konekta nzuri za mkondo mkubwa hupakwa fedha, au bati nene lisilo na matundu. Fedha ikipigwa na hewa inakuwa nyeusi, lakini weusi huo ni laini na unakwanguka pande mbili zinaposuguana, hivyo usiogope ulimi wa fedha uliokuwa mweusi kidogo. Mpako mwembamba wa bandia unakwisha baada ya kuchomeka na kuchomoa mara chache. Shaba iliyo wazi inashika kutu, na kutu ya shaba haipitishi umeme vizuri.

La tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi, ni springi. Sehemu mbili za shaba zikilazwa moja juu ya nyingine hazigusani kote. Zinagusana kwenye vidoto vidogo tu ambapo vinundu vya uso vimekutana, na kinachoongeza vidoto hivyo ni nguvu ya kukandamiza. Shaba nyekundu inapitisha umeme vizuri lakini ni laini na haina mkazo wa springi. Watengenezaji wazuri kama Anderson hutatua hilo kwa kuweka kipande cha chuma cha pua nyuma ya ulimi: shaba inapitisha umeme, chuma cha pua kinakandamiza. Ni sehemu mbili, kazi mbili, na gharama mbili. Bandia huweka springi nyembamba, au huweka chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa ambacho hewa ya bahari inakimaliza. Konekta nyingine za rahisi hutegemea shaba ya njano ifanye kazi zote mbili. Shaba ya njano ikikaa kwenye joto kubwa kwa muda mrefu inalegea na hairudi tena. Mguso ukilegea, ukinzani unapanda; ukinzani ukipanda, joto linazidi; joto likizidi, springi inalegea zaidi. Konekta iliyofanya kazi vizuri miezi minane inaungua ndani ya wiki moja, na mwenye nyumba anasema imeharibika ghafla.

Kupima mkazo ni rahisi: chomoa na uchomeke kwa mkono ukiwa umezima kila kitu. Konekta nzima ya ampea 175 inataka nguvu ya mikono miwili. Inayoteleza kwa vidole viwili imekwisha. Usijaribu kuikunja ulimi kwa koleo ili ibane. Itabana wiki moja na kuachia, kwa sababu shaba iliyokwishapashwa moto imepoteza ugumu wake. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Upande mpya ukikutana na upande wa zamani uliochimbika, unachimbika nao.

Dalili: plastiki imekuwa kahawia, imejikunja au imeyeyuka

Plastiki ni kipimajoto cha bure. Rangi ikibadilika pembeni mwa ncha moja tu, rudi kwenye kibano na mguso wa ncha hiyo. Usibadilishe plastiki peke yake na kurudisha ulimi wa zamani.

Plastiki ya konekta nzuri ni polikaboneti au nailoni iliyotiwa kizuia moto, ya daraja la V-0. Maana yake ni kwamba kipande kilichosimamishwa kikitolewa kwenye moto kinazimika ndani ya sekunde 10 bila kudondosha matone yanayowaka. Hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Kata ukipande mwembamba wa konekta ya ziada, shika kwa koleo, nje, mbali na betri, upashe kiberiti kisha uondoe kiberiti. Ukipande unaoendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto hautakiwi kukaa ndani ya nyumba yenye watu waliolala.

Plastiki ina kazi nyingine pia. Katika konekta zenye springi ya nyuma, ndiyo inayoishikilia springi mahali pake. Ikilainika kwa joto, springi inarudi nyuma na mkazo unakwisha hata kama chuma chenyewe hakina dosari.

Dalili: invetaa inalia volti ndogo na betri imejaa

Washa mzigo wote, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha pima kwenye skrubu za invetaa. Tuseme betri inasoma 25.4 na invetaa inasoma 23.6. Volti 1.8 zimepotea njiani. Kwa ampea 70 hizo ni wati 126, na zote zinageuka joto mahali fulani ukutani.

Sasa tembea na maltimita: kutoka kwenye nguzo ya betri hadi kwenye lagi, kutoka kwenye lagi hadi kwenye waya wake, juu ya fyuzi, juu ya breka, juu ya konekta, hadi invetaa. Fanya hivyo upande wa chanya na upande wa hasi. Jumla ya vipimo vyote lazima ikaribie 1.8. Isipofika, kuna kiungo umekiruka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 35, mita moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, unapoteza karibu volti 0.1 tu kwa ampea 70. Kwa hiyo mtu akikwambia urefu wa waya ndio unaokula volti mbili, mwambie apime.

Sehemu nne ndizo zinazokutwa na hatia mara kwa mara.

*Washa (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati) iliyowekwa vibaya.* Mpangilio sahihi ni nguzo ya betri, kisha lagi, kisha washa bapa, kisha washa ya springi, kisha nati. Washa ya chuma cha pua ikiwekwa kati ya nguzo na lagi, umeme wote unapita ndani yake, na chuma cha pua kina ukinzani wa karibu mara 40 ya shaba. Kosa hili halihitaji kununua kitu. Fungua, panga upya, kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha betri.

*Waya wa uongo.* Kuna waya wa alumini uliovikwa shaba unaouzwa kama shaba tupu. Unapitisha umeme chini ya theluthi mbili ya shaba ya unene uleule. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: weupe ukijitokeza, ndio huo. Ni mwepesi mno mkononi, na ukibanwa kwenye lagi unaendelea kujikunyata taratibu, kibano kinalegea chenyewe. Kuna pia waya wa shaba kweli lakini mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Hesabu nyuzi za ndani, pima unene wa mmoja, kisha zidisha: idadi ya nyuzi, mara unene kwa unene, mara 0.785. Nyuzi 280 za milimita 0.3 zinatoa milimita za mraba 19.8, hata kama ganda limeandikwa 35.

*Breka na kishikio cha fyuzi.* Ni hadithi ileile ya springi na metali. Breka ya AC haifai kwenye DC ya betri. Hata kama haipati moto, siku ya shoti inaweza kushindwa kuikata cheche.

*Kibano cha lagi.* Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu konekta ghali kuliko zote duniani ikibanwa kwa nyundo inakuwa sawa na ya rahisi.

Lagi iliyobanwa sawasawa inakandamiza nyuzi za waya mpaka zinakuwa kama kipande kimoja cha metali, bila hewa ndani. Nyundo na koleo haviwezi. Inatakiwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita ya namba inayolingana na waya. Kwa waya wa 35: chukua lagi ya 35, yenye tundu la bolti linalolingana na nguzo (milimita 8 kwa betri nyingi). Chuna ganda kwa urefu wa bomba la lagi na milimita moja au mbili zaidi. Usikate hata uzi mmoja. Nyuzi zikiwa ngumu kuingia, lagi ni ndogo, na dawa ni kubadilisha lagi. Waya ukicheza ndani, lagi ni kubwa, na kukunja waya mara mbili ili ujaze nafasi ni kujitafutia moto. Sukuma mpaka uone nyuzi kwenye tundu la kuchungulia, kama lagi inalo. Bana mara mbili, ukianza upande wa bolti. Vuta kwa nguvu zako zote. Funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, uanzie kwenye bomba la lagi na ushuke sentimita tatu juu ya ganda la waya.

Kabla ya kazi kubwa, bana lagi moja ya majaribio, ikate kwa msumeno katikati ya kibano, ipige tupa na uitazame. Ukiona nyuzi za duara na matundu meusi katikati, mashine au meno hayafai. Ukiona uso mmoja mwekundu ulioshikamana, endelea. Lagi za rahisi zenye bomba jembamba hupasuka upande mmoja zikibanwa hivyo. Nyingine ni alumini au shaba ya njano iliyopakwa bati, na tupa itakuambia.

Je, kulehemu? Kwa konekta zilizotengenezwa na kikombe cha kulehemu, kama XT60 na XT90, ndiyo, na unapolehemu chomeka upande wa pili ili joto lisiisogeze pini ndani ya plastiki. Kwa lagi za waya mnene, hapana. Risasi ya kawaida ya kulehemu inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na huanza kulainika chini ya hapo. Kiungo kikipata moto siku moja, waya unachomoka ukiwa na umeme. Halafu risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu kama msumari, na kwenye bajaji au mashua inayotikisika waya unakatika pale ugumu unapoishia.

Dalili: cheche kubwa unapochomeka

Invetaa na vidhibiti vya mota vina kapasita zinazotaka kujaa kwa mara moja. Cheche hiyo inachimba metali. Tazama ncha za ndimi: ukiona vishimo vyeusi mbele tu, na sehemu ya nyuma inang'aa, konekta bado inafaa. Konekta nzuri huumbwa makusudi ili zikutane kwa ncha kwanza kisha ziteleze mpaka mahali pengine pa kukaa, hivyo palipochimbika sipo panapopitisha mkondo. Nyingi za kuiga zina ulimi mfupi, na palipochimbika ndipo hapohapo panapofanya kazi.

Dawa ni kujaza kapasita taratibu. Kwa volti 24, chukua rizista ya omu 25, wati 10. Iunganishe kati ya pande mbili za waya wa chanya kwa sekunde tatu, halafu chomeka konekta na uondoe rizista. Ipo pia XT90-S, ambayo ina rizista ndani yake kwa kazi hiyohiyo.

Kuchomoa mzigo ukiwa umewashwa ni hatari zaidi ya kuchomeka. Umeme wa AC wa hertzi 50 unapita sufuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inapata nafasi ya kufa. DC haipiti sufuri. Cheche inanyooka na kuendelea kuwaka kadiri unavyovuta. Zima kwanza, chomoa baadaye, kila mara.

Dalili: unga wa kijani, mweupe au mweusi

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, kusi linabeba matone ya chumvi mpaka ndani ya vyumba. Chumvi na unyevu vikikutana na metali mbili tofauti zilizogusana, moja inaliwa.

Unga wa kijani ni shaba inayoliwa: mpako umekwisha. Unga mweupe ni alumini au zinki, au kama betri ni za maji ya asidi, ni mvuke wa asidi uliogusa ncha. Vumbi la kijivu cheusi kwenye bati la konekta za bajaji linatokana na mtikisiko: pande mbili zinasuguana kwa umbali mdogo usioonekana, kila msuguano unaacha chembe za kutu ya bati, na chembe hizo zinajikusanya chini ya mguso.

Safisha asidi kwa maji yaliyotiwa magadi ya kupikia, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa. Usipige msasa ulimi wa konekta mpaka uone wekundu, maana ukifika hapo umeondoa mpako na utarudi baada ya masika kukuta kijani tena. Ulimi uliofika wekundu ubadilishwe. Nguzo za betri zikishakazwa, paka mafuta ya mgando kwa nje, utandu mwembamba. Kwenye bajaji na mashua, funga waya kwa kamba ya plastiki ndani ya sentimita 10 kutoka kwenye konekta, ili mtikisiko uishie kwenye fremu na usifike kwenye mguso.

Angalia na ndani ya ganda. Chuna sentimita mbili: nyuzi zikiwa nyeusi, unyevu umepanda ndani ya waya. Kata mpaka ukutane na shaba inayong'aa, hata kama ni kiganja kizima. Lagi mpya kwenye nyuzi nyeusi ni kupoteza lagi. Kwa chombo cha baharini, nunua waya ambao kila uzi wake umepakwa bati. Ni ghali, na baharini hauna mbadala.

Dalili: sola imeshuka na konekta ya juu ya paa imeungua

Konekta za MC4, zile zinazounganisha waya za paneli, hupitisha mkondo mdogo, ampea 10 hadi 15, lakini kwa volti nyingi na kwa saa nyingi kila siku. Chanzo kikubwa ni kuchanganya: upande mmoja wa mtengenezaji huyu, upande mwingine wa yule. Zinaingiana na kutoa mlio wa kushika, lakini vipimo vya ndani, springi na mipako havikutengenezwa pamoja, na watengenezaji hawachukui dhamana ya ndoa hiyo. Kiwango cha kimataifa cha konekta hizi, IEC 62852, hupima jozi ya mtengenezaji mmoja.

Jambo hili tunalisema kwa uzito kwa sababu ya mapaa ya makuti. Cheche ya DC ya volti 300 chini ya makuti makavu ya kaskazi haikupi muda wa kutafuta ndoo. Kata konekta iliyochanganywa, weka jozi moja kwa pande zote mbili, bana kwa koleo lake maalumu la waya wa milimita za mraba 4 au 6, kaza nati ya nyuma mpaka raba ibane waya. Funga waya chini ya fremu ya paneli ili konekta isilale kwenye mfereji wa maji. Fanya kazi hii asubuhi mapema au jioni, swichi ya DC ikiwa imezimwa.

Dukani

Ukisimama mbele ya konekta mbili zinazofanana, Mlandege mjini Unguja au Chake Chake, Pemba, omba kuzifungua. Uzito, kwaruzo la tupa, springi, na ugumu wa kuingiana vinakuambia zaidi ya maandishi ya boksi. Konekta za Anderson aina ya SB zina rangi kwa volti, nyekundu kwa 24, kijivu kwa 36, buluu kwa 48, na rangi tofauti zimetengenezwa zisiingiane ili mtu asichomeke betri ya 48 kwenye chombo cha 24. Nyekundu ikikubali kuingia kwenye buluu, rudisha zote mbili.

Konekta ya rahisi ina mahali pake: taa, chaja ya simu, redio, feni ndogo, kila kinachovuta chini ya ampea 5. Hapo miliomu 5 hutoa joto la sehemu ndogo ya wati. Weka fedha yako pale mkondo unapozidi 30. Waliokaa gizani Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika, hawahitaji kuelezwa kwa nini akiba ya umeme inatakiwa iwe ya kuaminika siku inapohitajika.

Ukimaliza kazi, pima milivolti za kila kiungo kwa pasi ileile, uandike namba na tarehe kwenye tepu nyeupe kandokando ya kiungo. Pima tena baada ya mwezi, halafu kila masika yanapokwisha. Kiungo kilichoanza na milivolti 10 na sasa kinasoma 25, agiza jozi yake wiki hii.